Siku Kipande Kilipolala kwa Kadzo

Habari ya kifo cha Mwalimu Tsuma ilinikuta kwenye simu, katikati ya picha za maua na dua za asubuhi, katika kundi la WhatsApp la sisi tuliosoma pamoja. Kabla sijaiweka simu chini, mtu alikuwa ameshaandika: “Rukia ndiye atakayetuandikia risala. Yeye ndiye zao la Mwalimu.” Wakafuatia wengine kumi na kitu, kila mmoja na kidole gumba chake. Zao! Mimi niliyesomesha hesabu maisha yangu yote nikastaafu na magoti mabovu, bado naitwa zao la mtu, kama muhogo. Nikachukua karatasi, nikaketi barazani hapa Mambrui, nikaandika kwamba marehemu alikuwa mwalimu hodari. Hilo ni kweli. Nikaandika kwamba alitupenda. Nikalikata. Nikaandika kwamba alinifunza neno moja la Kiingereza ambalo sitalisahau mpaka nizikwe, na hilo nalo ni kweli, tena kweli mno, na hapo kalamu ikagoma. Siwezi kulieleza neno hilo bila kumtaja Kadzo, na Kadzo sijamtaja mbele ya mtu yeyote tangu mwaka ule.

Neno lenyewe ni “subject”. Walimu wa siku hizi hulieleza kwa dakika mbili wakaendelea na mengine. Sisi tulipigwa kwa ajili yake muhula mzima. Shule yetu ilikuwa ya bweni, mbele kidogo ya Gede, na kidato cha nne tulikuwa wanafunzi thelathini na wachache, wavulana kwa wasichana. Mwaka uliotangulia hatukuwa na mwalimu wa hesabu. Tulijisomea wenyewe, maana yake hatukusoma. Mwalimu Tsuma alipoletwa, mfupi, shati jeupe limenyooka mpaka kwenye kola, alitukuta hatujui kitu na mtihani wa taifa uko mwisho wa mwaka. Nadhani aliogopa. Sasa nimesomesha na ninajua alichokiogopa, lakini wakati ule nilichokiona mkononi mwake kilikuwa henzerani, fimbo nyembamba inayolia hewani kabla ya kufika. Siku ya kwanza aliandika ubaoni v = u + at, akaninyooshea fimbo hiyo, akaniuliza subject ni ipi. Mimi neno hilo nililijua kwa maana moja, somo, basi nikasimama nikajibu kwa sauti ya mtoto mwema: “Mathematics, sir.” Darasa likaangua kicheko. Yeye akadhani ninamchezea. Alinipiga viganja sita, na nilipouficha mkono nyuma, akanipiga shingoni, palepale nywele zinapoishia, mara mbili. Kisha akarudi ubaoni akasema kwa upole, kama hakuna lililotokea, kwamba subject ni ile herufi inayosimama peke yake upande mmoja.

Nililishika hilo kwa shingo yangu. Siku mbili baadaye aliingia Madam Esta, mwalimu wa Kiingereza, mwanamke mrefu aliyetembea na kifutio cha ubao mkononi hata akienda kula. Aliandika sentensi inayosema mbuzi alichinjwa na Katana, akauliza subject ni nani. Nikaitazama sentensi nikitafuta aliyesimama peke yake. Hayupo. Nikainua mkono, nikamwambia hakuna subject. Kifutio kile kilikuwa na mgongo wa mbao, na kilinipata juu ya jicho la kulia. Kovu ninalo, wajukuu huliuliza, nami husema nilianguka. Damu ikanimwagikia kwenye daftari, na huku nikiipangusa nikamsikia akieleza kwamba subject ni mbuzi. Nyuma yangu Karisa akanong’ona, “Mbuzi kachinjwa, hana kichwa, na bado ndiye mkubwa wa sentensi?” Naye akaitwa mbele akale zake nne. Tukawa hivyo wiki baada ya wiki. Neno moja lilikuwa na wenyewe wawili, kila mmoja na chombo chake cha kupigia, na anayechanganya vipindi anakiona cha mtema kuni. Kiswahili kimejaliwa somo, mada, kiima na raia, kila mmoja na nyumba yake. Kiingereza kimewalaza wote chumba kimoja na kuwataka wageni wajue nani ni nani gizani. Lakini haya nayasema leo, na mshahara wa uzeeni mkononi. Wakati ule nilikuwa na hasira tu, na shingo iliyovimba.

Kilichotumaliza hasa hakikuwa neno hilo. Kilikuwa kipande. Mwalimu Tsuma alikiamini Kiingereza kama wengine wanavyoiamini dawa. Alisema tutaelewa hesabu siku tutakapoacha kufikiri kwa lugha za nyumbani. Akatafuta ubao wenye ukubwa wa kiganja, akautoboa, akautia kamba ya katani. Ukisikika ukisema Kiswahili au Kigiriama unavishwa, nawe unatega masikio mpaka umnase mwingine umvishe. Saa kumi alasiri, kwenye foleni ya mwisho, aliyebaki nacho hutoka mbele akaulizwa kakipata kwa nani, na huyo aliyetajwa hutoka naye akaulizwa, mpaka mwisho anafikiwa yule wa asubuhi. Wote hupigwa, na yule ambaye kipande kimelala kwake hupigwa maradufu. Mtu hawezi kujua ubaya alio nao mpaka avishwe kitu kama kile. Wavulana walikanyagana vidole vyenye vidonda ili mwenzao apige kelele kwa lugha ya kwao. Niliwaona ndugu wawili wa tumbo moja, kaka na dada, wakigombana hadi kung’oana vifungo, kwa sababu dada alimwitikia kaka yake “naam”. Jikoni, tulipopanga foleni ya pure, ile mahindi na maharagwe yenye wadudu wanaoelea, palikuwa kimya kabisa. Mpishi, mzee wa Sabaki, alituuliza siku moja, “Wanangu, mumefiwa?” Hakuna aliyethubutu kumjibu.

Kadzo ndiye pekee aliyekataa mchezo ule. Naye alitoka Sabaki, msichana mweusi wa mabega mapana, mchache wa maneno, na katika hesabu alikuwa wa kwanza na mimi wa pili, mbali nyuma yake. Kipande kilipompata, hakumtafuta mtu. Kilikaa shingoni mwake mpaka saa kumi, akatoka, akamtaja aliyempa kama sheria ilivyotaka, akapigwa, akarudi mahali pake. “Mimi siwindi watu,” aliniambia. Na watu walipogundua hivyo, wakaanza kumwinda yeye. Lakini alikuwa na udhaifu mmoja: hakuweza kumwona mtu akishindwa hesabu akampita. Alasiri, nyuma ya jiko, penye magogo ya kuni, alinifundisha kwa Kigiriama, akiandika kwa kijiti mchangani na akifuta kwa nyayo. Nilikulia kati ya majirani Wagiriama, nakielewa vizuri. Ndiye aliyelifanya neno lile likae kichwani mwangu mahali pake. Si Tsuma, si Madam Esta.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya muhula wa pili, wiki chache baada ya majina yetu kupelekwa kwa ajili ya mtihani. Kipande kilinipata saa nane na nusu, kwa neno “aka!” lililonitoka nilipomwagikiwa chai. Nilizunguka saa nzima. Bweni, darasa, bombani, kila mtu kafunga mdomo. Ilipokaribia saa kumi bado nilikuwa nacho, na siku ile Tsuma alikuwa na ghadhabu tangu asubuhi. Matokeo ya majaribio yalikuwa mabaya na tayari alikuwa amempasua mvulana mmoja sikio. Nikakificha kipande ndani ya mtandio wangu, nikaenda penye kuni. Kadzo alikuwa anakula, sahani mapajani, sima na mtsunga alioletewa na mama yake, ile mboga chungu aliyoipenda kuliko nyama. Nikamwambia kwa Kigiriama, tena nikijiliza, kwamba sijui namna ya kuifanya t iwe subject. Nilijua. Nilikuwa nimeijua tangu mwezi uliopita.

Akaweka sahani chini, akapangusa mkono kwenye gogo. Alichonieleza nakiandika kwa Kiswahili kadiri ninavyokumbuka. “Tazama, hii nyumba ina watu watatu upande huu: u, a, na t. Wewe wamtaka t abaki peke yake uwanjani. Basi watoe wenziwe. Anza na wa mbali, huyu u, mgeni tu, kasimama mlangoni. Mvushe. Akivuka, yuwageuka, alikuwa wa kuongeza, awa wa kupunguza. Huyu a ni mgumu, kamshika t mkono, kuzidisha si mchezo. Naye mvushe, naye atageuka, awe wa kugawanya...” Hapo nikatoa kipande. Nilikishika hewani, sikumvisha. Alikitazama, akanitazama mimi, na nilingojea anitukane. Alikichukua mwenyewe akajivika, akaulaza vizuri uzi wa katani chini ya kola, kisha akainama mchangani akamalizia, “...na t amesalia peke yake. Umeona?” Nikasema nimeona. Kengele ikalia.

Foleni ilipangwa mbele ya ofisi. Tsuma aliuliza kipande kiko wapi, Kadzo akatoka mbele. Akaulizwa kakipata kwa nani. Nilikuwa mstari wa pili, hatua tatu kutoka kwake, mgongo wake mbele yangu. Akaulizwa tena. Mpaka leo sijui kwa nini siku ile, kati ya siku zote, aliamua kutotaja. Labda kwa sababu hakunaswa na mtu anayecheza mchezo. Alinaswa na mtu aliyekuja kwake akilia. Tsuma alianza na miguu, akapanda mgongoni. Tulihesabu kimoyomoyo, kama ilivyokuwa desturi, na tulipofika kumi na mbili tukaacha kuhesabu. Gauni la shule lilichanika begani. Kila alipopumzika aliuliza, “Who?” na Kadzo alitazama paa la ofisi. Kisha Tsuma akaitupa fimbo, akampiga kwa mkono mtupu, kofi la sikio la kushoto lililomwangusha magoti, na la pili palepale, na alipoinua la tatu Kadzo alikuwa ameshatoa bikari mfukoni, ile ya kuchorea duara, na ncha yake iliingia katikati ya kiganja kilichokuwa kinashuka.

Yaliyofuata yalienda mbio. Tsuma alipiga ukelele ambao sikujua mtu mzima anaweza kuupiga. Alimpiga Kadzo teke la mbavu, bikari ikiwa bado inaning’inia mkononi mwake, na walimu wawili wakamshika. Jiwe la kwanza lilitoka kwa Karisa. La pili sijui, maana yalikuwa mengi tena, yakinyesha juu ya mabati, vioo vya ofisi vikishuka. Wavulana waliitoa baiskeli ya Tsuma chini ya mkorosho wakaimwagia mafuta ya taa ya jikoni. Bawabu alipojaribu kuwazuia walimvunja mkono kwa rungu lake mwenyewe. Madam Esta alijifungia stoo ya vitabu. Polisi walifika jua halijazama, wakaingia bwenini na marungu bila kuuliza nani kafanya nini, na wasichana tuliolala chini ya vitanda tulivutwa kwa miguu. Mimi nilipigwa magotini. Haya magoti mabovu ninayoyalalamikia ndiyo hayohayo. Na katika vurugu zote zile nilikuwa na wazo moja tu, nalo linaniaibisha hadi leo: kwamba hakuna aliyejua kipande kilitoka kwangu.

Asubuhi yake niliitwa ofisini, kwa sababu mpishi alisema aliniona na Kadzo penye kuni. Nilingoja ukumbini, juu ya vigae vya vioo vilivyokuwa havijafagiliwa, na mlango ulikuwa wazi kiasi. Nikamsikia mwalimu mkuu, mzee wa Rabai, mpole, akisema, “Mwalimu, mimi simfukuzi. Umempiga kupita kiasi, shule nzima imeona. Ataadhibiwa hapahapa, mtihani atafanya. Yule ndiye mtoto wetu mmoja mwenye matumaini.” Tsuma akasema, “Alikusudia. Aliiweka bikari mfukoni kusudi.” Mwalimu mkuu akamjibu, “Nipe shahidi. Akiwapo shahidi kwamba alipanga, ni jambo jingine, nitasaini. Bila shahidi, msichana anabaki.” Niliyasikia yote hayo. Sikuingia ofisini kwa upofu. Nilijua kwamba hatima ya Kadzo iko mdomoni mwangu, kama ninavyojua jina langu.

Tsuma alikuwa ameketi karibu na dirisha, mkono umefungwa kitambaa cheupe kilicholowa, na hakunitisha. Alinitazama tu. Mwalimu mkuu aliniuliza tulizungumza nini penye kuni. Jibu la kweli lilikuwa fupi: alinifundisha, nikamtega. Lingenigharimu viboko, pengine ishirini, na maumivu ya wiki moja. Nilisema: “Aliniambia amechoka. Akasema leo akiguswa atamchoma mwalimu.” Kwa Kiingereza safi, bila kosa. Watu husema hofu ndiyo iliyosema. Hofu ilikuwapo, sikatai. Lakini palikuwa na jingine, na nimekaa nalo miaka mingi kabla ya kukubali kulitaja: wa kwanza akiondoka, wa pili anakuwa wa kwanza. Nililiona hilo wazi, pale pale, kabla sijafungua mdomo. Kadzo aliondoka adhuhuri, sanduku lake la bati kichwani, sikio limefungwa pamba. Barua aliyopewa, niliiona mezani, ilisema kwamba mwanafunzi amefukuzwa. Haikusema na nani. Madam Esta angetuambia hapo Kadzo ndiye subject, kama yule mbuzi.

Tangu siku ile Tsuma hakunipiga tena. Alinipa madaftari, akanisomesha baada ya vipindi, akaniandikia barua ya kuniombea chuo. Nilifaulu kuliko wote. Nikawa mwalimu, nikasomesha hesabu Malindi, na mpaka sheria ilipokataza nilipiga watoto wa watu, si kidogo. Hilo ndilo zao. Na sasa niko na karatasi yenye sentensi moja na nusu, na mazishi ni Jumamosi.

Alhamisi nilikwenda Gede. Nilikuwa nimesikia kwamba Kadzo ana hoteli pale, nyumba ya mabati yenye meza nne, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikishukia kituo kingine nisipite mbele yake. Nilimkuta anakuna nazi. Aliinua uso, akanikazia macho, kisha akacheka kweli kweli. “Rukia wa Mambrui! Umezeeka vibaya, mwenzangu. Ingia. Kaa upande huu, lile sikio lingine ni mlango uliofungwa.” Akaniwekea maharagwe ya nazi na chapati, akanilazimisha nile. Nikampa habari ya msiba. Akaendelea kukuna.

“Mungu ampumzishe,” akasema. “Mimi sina kinyongo naye. Wajua kwa nini? Nilimtoboa mwalimu mkono. Shule gani itakubali? Nilifanya, nikalipa. Mama yangu alilia hadi akaumwa, mie nikamwambia, mama, hii ni halali yangu. Ndivyo nilivyoweza kulala.”

Ningeweza kula chapati yangu nikaondoka. Alikuwa na amani yake, ameijenga mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuja na nyundo. Nikasema, “Kadzo, mwalimu mkuu alikataa kukufukuza.”

Mkono wake ukasimama juu ya mbuzi ya nazi. “Wasemaje?”

“Alikataa. Nilikuwa mlangoni, nilisikia. Alisema utafanya mtihani. Alitaka shahidi kwanza.”

“Na shahidi akawa nani?”

Nikamwambia. Nikamwambia na maneno yenyewe niliyoyasema, kwa Kiingereza kilekile. Aliinuka polepole, akajifuta mikono kwenye leso, akanizungukia, akanipiga kofi ambalo liliniangusha na kiti. Wateja wawili waliruka, mmoja akasema, “Mama Charo, taratibu!” na yeye akawaambia watoke nje, chakula ni bure. Nilikaa sakafuni nikionja damu mdomoni. Sikulia, na sikutaka aombe radhi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimepigwa kwa jambo nililolifanya.

Alikiinua kiti, akakiweka wima mbele yangu.

“Keti,” akasema. Alikuwa anapumua kwa shida. “Hujamaliza. Anza pale penye kuni, uniambie yote, na ulichokuwa ukifikiri. Usiruke kitu.”

Nikaketi, nikaanza. Alikuwa amekaa mkabala nami, sikio zima limenielekea, mkono umelala juu ya meza. Kila nilipotafuta neno la kulainisha, nikisema nilikuwa mtoto, nikisema niliogopa, mkono ule ulinyanyuka kidogo, nami nikaliacha neno lile nikasema la kweli.